Bourbon, Tahiti au Uganda: ninunue vanila ipi?

SWALI: Assalamu alaykum. Nauza keki na aiskrimu ya maziwa hapa Langoni, Lamu. Wateja wanataka vanila ya kweli, si ya chupa. Wauzaji wananitajia Bourbon, Tahiti, Uganda, mara daraja A, mara B, na bei zinapishana mno. Pia sitaki pombe jikoni mwangu. Nichukue ipi?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada. Tuanze na hilo jina la Bourbon, maana ndilo linalowatoa watu pesa. Si aina ya mmea. Ni jina la zamani la kisiwa cha Réunion, ambako mwaka 1841 mtoto mtumwa wa miaka kama 12, Edmond Albius, alivumbua njia rahisi ya kuchavusha ua la vanila kwa mkono. Ujuzi ukaenda Madagaska na Komoro, na jina likafuata. Mmea wenyewe, Vanilla planifolia, asili yake Meksiko, na ndio huohuo unaolimwa Uganda. Ya Uganda ikikaushwa vizuri sioni sababu ya kuikwepa. Hapa Malindi kastadi zangu nyingi natilia hiyo.

Ya Tahiti ndiyo tofauti hasa. Vanilini yake, yaani kile kinachoipa vanila harufu yake, ni ndogo, inanukia maua. Kwa aiskrimu ya embe ni tamu sana. Ukiitia pamoja na iliki, imepotea, na pesa zako nazo.

Daraja ni habari ya unyevu na sura. A ina unyevu wa asilimia 30 hivi au zaidi, laini, inang'aa. B ni kavu zaidi, na hutumiwa sana kutengenezea arki, yaani maji ya ladha yanayotolewa kwenye maganda ya vanila. Wewe unayechemshia kwenye maziwa, B yatosha. Hakuna mteja atakayeliona ganda. Lakini lisiwe kavu la kukatika: lizungushe kidoleni, likivunjika liache. Ukiona weupe juu, litazame kwenye mwanga. Vijisindano vinavyometameta ni vanilini yenyewe. Weupe uliofifia, wenye manyoya na harufu ya uvundo, ni ukungu. Usinunue hata kwa nusu bei.

Kuhusu pombe: arki halisi kwa kawaida hutolewa kwa pombe, na kwa kanuni za Marekani haipungui asilimia 35. Kwamba ikiokwa inakuwaje, hilo la sheikh, si langu. Chupa za bei nafuu ni vanilini ya kiwandani, na baadhi zina pombe vilevile, kwa hivyo soma lebo. Tena usihadaike na vidoa vyeusi, vyaweza kuwa unga wa maganda yaliyokwisha kukamuliwa.

Njia salama kwako ni ganda zima. Kwa lita moja ya maziwa, pasua moja, kwangua mbegu, tia vyote, pasha bila kuchemka sana, zima, funika nusu saa. Kisha osha ganda, likauke kabisa, lizike kwenye mkebe wa sukari. Sukari hiyo ndiyo utie kwenye keki. Kusema kweli, keki ya iliki iliyokwisha kuokwa, wachache watatambua vanila gani imo. Ganda la ghali liweke kwa aiskrimu.

Nunua machache kwanza. Yatie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, kabatini penye giza, si kwenye friji, na kwa unyevu huu wetu wa pwani yafungue kila wiki uyakague.