Umegusa mstari mmoja, Git inasema umebadilisha 400

Wewe uko Mbeya na Windows, mwenzako yuko Iringa na Ubuntu. Unarekebisha mstari mmoja unaojumlisha kilo za chai za wakulima wa Rungwe, unapiga komiti (unahifadhi mabadiliko kwenye Git, programu inayotunza historia ya kodi), naye akifungua `git show` kuyatazama anakuta mistari 400 imefutwa na ileile 400 imeandikwa upya. Windows humaliza mstari kwa baiti mbili, 13 na 10, yaani CRLF. Linux, kama hiyo Ubuntu, hutosheka na 10 peke yake, LF. Jicho halioni kitu, Git inaona.

Wengi watakuambia uweke `core.autocrlf`, mpangilio wa Git unaogeuza miisho hiyo yenyewe. Usiitegemee. Inakaa kwenye mashine ya mtu, haisafiri na repo (hifadhi ya kodi mnayoshirikiana), na akija mgeni mwenye laptop iliyosetiwa vingine mnarudi palepale. Andika faili la `.gitattributes` juu kabisa ya repo, nalo lipigiwe komiti. Hilo linaishinda autocrlf ya mtu yeyote:

```
* text=auto
*.sh text eol=lf
*.bat text eol=crlf
*.png binary
```

Mstari wa kwanza unaifanya Git itambue yenyewe maandishi na kuyatunza kwa LF ndani ya repo. Wa `.sh` ndio usio na mzaha. Skripti ikifika kwenye seva ya Linux na CRLF, ile baiti 13 inaganda kwenye `#!/bin/bash`, mstari wa kwanza unaotaja programu ya kuiendesha, seva inatafuta programu iitwayo `bash^M`, inaikosa, inakutupia `bad interpreter`, au kwenye Bash mpya `cannot execute: required file not found`. Hapo watu huanza kuhangaika na chmod, amri ya kubadili ruhusa za faili, na ruhusa wala haina kosa! Andika `file nakala.sh`, ukiona `CRLF line terminators`, mchawi umemkamata.

Faili la `.gitattributes` halisafishi yaliyokwishaingia kwenye repo. Kila mtu apeleke kazi yake kwanza, halafu:

```
git add --renormalize .
git commit -m "Sawazisha miisho ya mistari"
```

Hiyo `--renormalize` inataka Git 2.16 au mpya zaidi. Komiti hiyo ibaki peke yake, usichanganye na kazi nyingine, maana itagusa mafaili mengi. Matawi (branch) ya zamani yaunganishe kwa `git merge -X renormalize`, la sivyo utatatua migongano ya hewa mchana kutwa.

Kukagua, `git ls-files --eol`. Safu ya `i/` ni repo, `w/` ni mashine yako. `i/crlf` kwenye faili la maandishi bado ni uchafu, na `i/mixed` mara nyingi ni mtu aliyebandika kipande kutoka kwingine. `i/lf` yenye `w/crlf` kwenye Windows ni sawa, iache.