Jiwe haliumuki kama andazi: kwa mnaoanza kufuatilia asili ya dhahabu

Ripoti tatu za asili ya dhahabu ya Handeni zimetua mezani wiki hii hapa Tanga mjini. Zimechapwa vizuri, zina picha, zina mihuri, na zote tatu zina kosa la mwaka 47. Wadogo zetu, tunawapenda, lakini mnatuzeesha. Tuyaandike basi yale tunayowaambia kila mnapopanda basi pale Kange, labda yakikaa kwenye karatasi yatawaingia.

1. Acheni kuandika "Handeni hakuna vita". Hamkuulizwa hilo; mliulizwa dhahabu imetoka shimo la nani. Kifungu cha 1502 cha sheria ya Marekani ya Dodd-Frank ya 2010, kile cha madini yanayolisha vita, kinagusa Kongo na nchi tisa zinazopakana nayo, na Tanzania imo. Kampuni ya elektroniki iliyo kwenye soko la hisa la kule, kama bidhaa zake zinahitaji dhahabu, bati, tantalamu au tungsteni, hupeleka serikalini fomu SD, taarifa ya madini hayo, kila mwaka, mwisho Mei 31. Ili ijaze, huwatumia wauzaji wake CMRT, fomu ya kuuliza madini yamesafishwa wapi, nao wanawatumia wa kwao, hadi swali linafika kwenye kiwanda cha kusafishia dhahabu. Kuanzia hapo kwenda mbele hakuna anayeweza kutenganisha, maana dhahabu ikishayeyushwa pamoja haina kabila. Uzi wa dhahabu ndani ya chipu, mwembamba kuliko unywele, hausemi kama umetoka Kilindi au Kahama. Inayosema ni karatasi iliyotangulia, na karatasi hiyo mnaiandika nyie, mmekalia ndoo iliyopinduliwa pembeni ya karasha, mashine ya kusagia jiwe.

(Na kwenye CMRT safu ya kiwanda ni ya kiwanda kinachosafisha. Siyo broka, siyo benki, siyo duka la sonara.)

2. Koodineti. Nyuzi 5, dakika 30, sekunde 15 siyo 5.3015. Ni 5.5042. Anayeandika ile ya kwanza amelitupa shimo la watu kilomita 22 hivi kutoka lilipo, halafu anashangaa ramani inaonyesha shamba la mkonge. Na kabla hujamwambia mwenye PML (leseni ya mchimbaji mdogo) kwamba anachimba nje ya eneo lake, hakikisha simu yako na leseni yake zinatumia datamu moja, yaani msingi mmoja wa kupimia ramani. Arc 1960 na WGS84 zinapishana karibu mita 300. PML ya hekta 10 ikiwa ya mraba ina upande wa mita 316, kwa hiyo umeshamhamishia kwa jirani kabla hujavua kofia.

3. Marudio. Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo sisi wakubwa wenu tulipoanguka kifudifudi, na ripoti yenyewe ina sahihi zetu.

Mtiririko mnaujua: jiwe linatoka duarani (shimoni) kwa viroba, linasagwa karashani, linaoshwa mwaloni, zebaki inakamata sehemu yake, mchanga unaobaki ndio marudio. Zebaki haimalizi. Mara nyingi zaidi ya nusu ya dhahabu inabaki humo, hasa punje zikiwa laini sana au zimefungwa ndani ya jiwe. Ndiyo maana yupo mwenye vati anayenunua mchanga huo, anaulowesha kwa sianidi, dhahabu inanasa kwenye kaboni, kaboni inakwenda elusheni, mtambo wa kuivua dhahabu hiyo.

Vati lililotuangusha lilikuwa limepakiwa tani 60. Sampuli ilisoma gramu 3 kwa tani, yaani gramu 180. Kwa ufanisi wa asilimia 70 zilitarajiwa gramu 126, zikatoka 124. Tulifurahi kama tumevua nguru. Tukaandika leseni moja, ya mwenye vati mwenyewe, ambaye ana duara mbili hatua chache kutoka pale, tukasaini, tukaenda kula.

Tulipima kilichotoka, hatukuuliza kilichoingia. Daftari la karasha lake la miezi mitatu lilikuwa ndani ya begi letu: viroba 240, kila kimoja kilo 50. Hizo ni tani 12. Jiwe haliumuki kama andazi. Tani 12 zikisagwa zinabaki 12, na zikiloana, pamoja na maji yake hazifiki 14. Zaidi ya tani 46 zilitoka wapi? Jibu lilikuwa kwenye daftari la geti, kwa mwandiko wa mlinzi, peni ya bluu: "tipa ya mchanga". Mara sita. Tipa ya tani 8. Na sisi wasomi tulidhani ni mchanga wa kujengea, maana pembeni palikuwa na ukuta unapandishwa. Mlinzi, mzee wa watu, hakuficha kitu. Machimboni, mchanga ni marudio; kila mtu pale alilijua hilo isipokuwa waliovaa vitambulisho shingoni.

Swali liliporudi kutoka kiwandani tulikimbizana na madereva. Tipa mbili zilitoka kwenye mwalo wenye leseni hai. Mbili, Kilindi, leseni iliyokwisha muda. Mbili za mwisho, rashi, machimbo ya watu kuvamia tu, isiyo na leseni yoyote. Kufikia hapo kaboni ilishachanganywa na kaboni ya wachimbaji wengine wawili ambao karatasi zao hazikuwa na doa, na mzigo wote ukawekwa kando kama wa asili isiyojulikana. Barua ya kiwanda tuliimeza. Iliyotukaba ni simu za wale wawili, kila Jumatatu, wakiuliza kwa adabu kabisa: "Shikamoo, vipi ile hela?"

Sasa hatuanzi na vati. Tunaanza na viroba: pima 10 kwa mzani, usikubali "kilo 50" ya mdomo. Jumlisha miezi yote, linganisha na tani za vati ukishatoa unyevu. Tofauti ikizidi sehemu moja ya kumi, kalamu chini. Kila tipa iwe na namba ya gari, tarehe, tani, mwalo na PML ilikotoka. Vati lenye vyanzo vitatu liandikwe vyanzo vitatu, siyo aibu. Mfuko wa kaboni ufungwe lakiri mbele yako, na elusheni wakubali kuuendesha peke yake, la sivyo usiandike jina la mtu. Unyevu: gramu 1,000 zikikauka zikabaki 880, ni asilimia 12. Kaushia kwenye oveni ya maabara, nyuzi 105, siyo kwenye jiko la mama lishe, kama tulivyomkuta mmoja wenu. Mchanga ule una zebaki, jamani.

4. Kuchoma zebaki bila ritoti, chombo cha kunasa mvuke wake, ni jambo la kuandikwa hata kama wenyeji ni wakarimu na wamekupa chai.

5. Watoto. Tanga yetu wanasema waja leo waondoka leo, na mmeufanya usemi kuwa ratiba ya kazi. Mnafika saa nne asubuhi, mnaondoka saa nane, mnaandika "hakuna mtoto aliyeonekana". Saa nne mtoto yuko darasani! Lala huko. Nenda mwaloni saa kumi na moja jioni, nenda Jumamosi, tazama nani anabeba maji na nani anaponda jiwe kwa nyundo.

6. PML hudumu miaka 7 na ni ya Mtanzania tu: soma tarehe kabla hujapiga picha muhuri.

Sasa zile ripoti tatu. Ya kwanza, koodineti. Ya tatu, mmeandika broka kwenye safu ya kiwanda. Ya pili ina viroba 180 na vati la tani 40, na kwenye ukurasa wa tisa kuna picha nzuri sana ya tipa. Basi la Handeni linatoka Kange alfajiri. Mchukue na daftari la geti.