Maini Songea

Korogwe

Mwanangu,

Swali lako nimekaa nalo wiki mbili. Ulisema mwenzako wa wodini hapo Leeds amempata babu wa babu yake, kibarua wa mashambani huko Yorkshire, kwenye karatasi za sensa ya 1881: umri wake, kazi yake, watoto wake, hadi kijiji alichozaliwa. Kisha ukaniuliza, "Na sisi, Baba? Babu mzee wa mkonge ana karatasi yoyote, au alikuwa manamba basi, imeishia hapo?"

Karatasi anazo. Ila kwanza ujue tofauti. Kwa Waingereza, sensa ilimwandika kila mtu kwa jina lake, nyumba kwa nyumba, kila miaka kumi. Hapa kwetu mkoloni alitaka idadi. Ripoti ya sensa ya 1948 itakwambia Wangoni walikuwa wangapi, haitakwambia babu yangu alilala wapi usiku ule. Kwa hiyo usimtafute kwenye sensa. Mtafute penye watu wawili waliokuwa na sababu ya kuandika jina lake: aliyemlipa na aliyembatiza.

Nianze na aliyemlipa. Unalikumbuka lile kopo la bibi, la biskuti, lenye sindano na vifungo? Chini kabisa, ndani ya bahasha, mna kipande cha babu, yaani kadi yake ya kazi ya shambani. Kadi ngumu, imekunjwa mara mbili, kona moja imeliwa na mende. Juu pana namba yake (neno manamba limetoka hukohuko kwenye namba), halafu jina, jina la baba, kabila, jumbe wake, na alama ya dole gumba. Chini ni miraba thelathini. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, yaani mizigo yako ya mkonge, kila mmoja wa majani 30, karani anautia alama mraba mmoja. Usipomaliza, au ukiugua, siku hiyo haipo. Mshahara unakuja miraba ikijaa yote.

Karani wa babu alikuwa mwangalifu, aliandika tarehe ndani ya kila mraba. Wa kwanza ni tarehe 4 Machi 1946, wa thelathini ni 15 Aprili. Nilikaa na kalamu nikahesabu: siku 43. Toa Jumapili sita, zinabaki 37. Basi siku saba hakuhesabiwa, na nne kati ya hizo zinafuatana mwishoni mwa Machi. Malaria? Mwiba? Mimi nilikuwa na miaka tisa alipofariki mwaka 1979, na kitu ninachokikumbuka kuliko sura yake ni kidole chake cha shahada cha kushoto, kilikuwa hakikunji. Mwiba wa mkonge uliingia kwenye kiungo, alikuwa akisema, ukaondoka na mkunjo wa kidole. Siwezi kuapa kwamba ni siku zile nne. Lakini kila nikikishika kile kipande nazitazama hizo tu.

Sasa jina. Pameandikwa "Maini", na jina la baba "Songea". Sisi watoto hapa shambani tulimjua kwa hilo hilo, Mzee Maini, tukidhani ni utani kwa kuwa hakuwa akila maini. Na hilo Songea ndilo lililo kwenye pasipoti yako.

Miaka miwili nilipotea kwa sababu ya jina hilo. Niliandika barua Songea kuulizia ukoo wa Songea, watu wakanicheka, wengine wakadhani najipachika kwa Nduna Songea Mbano, yule aliyenyongwa na Wajerumani wakati wa Majimaji. Nikaenda ofisi ya shamba moja alilowahi kufanya kazi, nikitafuta daftari za mahudhurio. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, mkonge umekwisha kuporomoka, bati la ofisi lilikuwa limeondoka upande mmoja. Mlinzi aliniambia karatasi zipo nyingi, niende sokoni. Nikadhani ananidhihaki. Sokoni nikanunua karanga, nikafungua karatasi iliyozifunga: mistari ya majina na namba, mwaka 1953. Nilinunua karanga za mama yule zote. Babu hakuwamo hata karatasi moja, na karanga tulizila wiki nzima.

Aliyenifungua macho ni shangazi yangu mkubwa. Siku moja tunachambua mchele akasema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba kwenye misa ya maziko padre alisoma jina jingine kabisa, "la Kizungu Kizungu." Nikaenda parokia aliyofungia ndoa. Nilijua ni kabla ya 1948, baba yangu alipozaliwa, kwa hiyo sikuomba jina, niliomba kitabu cha ndoa cha miaka mitatu. Dakika ishirini nikampata bibi, na kando ya bibi, Meinrad.

Mwanangu, nilicheka peke yangu mle ofisini hadi katibu wa parokia akainua kichwa. Wabenediktini walifika Peramiho, karibu na Songea, mwaka 1898 wakitokea Ujerumani, na watakatifu wao wakaja nao. Ndiyo maana hadi leo mtu akijitambulisha kuwa Meinrad huhitaji kumuuliza kwao. Sasa mchukue kijana huyo umlete mbele ya karani wa pwani ambaye hajawahi kulisikia jina hilo. "Jina?" Mainradi. Karani anaandika alichoambulia. "Wa nani?" Kijana anasikia "wa wapi?" kwa sababu ndilo swali aliloulizwa kila kambi njiani. Songea. Basi. Sehemu hiyo ya mwisho ni ya kukisia kwangu, lakini hebu niletee maelezo bora.

Kitabu cha ndoa kilitaja mahali alipobatizwa, na namba ya ubatizo. Hapo ndipo palipo na siri ambayo wengi hawaijui. Mkatoliki akifunga ndoa mbali na kwao, padre anayefungisha hupeleka taarifa parokia ya ubatizo, nayo inaandikwa pembeni ya mstari wake wa ubatizo. Kwa hiyo mtu anaweza kuzunguka nchi nzima, lakini mstari wake unabaki palepale ukimngojea, na kila jambo kubwa linarudishwa hapo. Ukiwa na namba huna haja ya kusoma kurasa mia.

Nilikwenda mwaka jana, sikukwambia kwa sababu ungenituma kwa ndege na mimi nilitaka basi. Kitabu ni kizito, Kilatini kwa mwandiko wa mkono, wino umekuwa wa kahawia. Amebatizwa 1926, akiwa mtoto wa miaka kama saba. Jina la baba lipo, la mama lipo, kijiji kipo, msimamizi yupo. Ukoo ni Komba. Sisi ni akina Komba, na pasipoti yako iache kama ilivyo, Songea nayo imetulea. Pembeni, kwa wino mwingine, pameandikwa ndoa ya huku Tanga, 1947.

Kati ya 1926 na 1946 hapana karatasi yenye jina lake, na hapo inabidi usome karatasi za wenzake. Upanga, Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa, kuna majalada ya idara ya kazi na vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na mabwana shauri, maofisa wa mkoloni wilayani. Humo hutamwona babu, lakini utauona mkondo uliomchukua. Mjapani alipoziteka Ufilipino na Java mwaka 1942, mkonge wa Tanganyika ukawa dhahabu ya vita, mashamba yakalilia watu. Mwaka 1944 wakulima wa mkonge wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, malori yakawa yanakwenda hadi kusini kuchukua vijana. Na kijana wa kusini alikuwa na kodi ya kichwa ya kulipa, na mara nyingi hana zao la kuuza. Babu alisema alipanda lori ili alipe kodi mbili, yake na ya baba yake, arudi. Jina la jumbe kwenye kipande linalingana na kijiji kwenye kitabu cha ubatizo. Ndicho kilichonihakikishia kwamba Maini na Meinrad ni mtu mmoja, wala sijaokota babu wa mtu.

Picha za kurasa nimekutumia. Ya tatu ina ukungu, mikono ilitetemeka kidogo, lakini ikuze utazame mstari ulio chini ya wa babu. Siku hiyohiyo, baba huyohuyo, mama huyohuyo. Mtoto wa kike. Hakuna mtu katika nyumba hii, hata shangazi, aliyewahi kusikia kwamba babu alikuwa na dada. Pembeni yake nako pana ndoa, na jina la parokia ya upande wa Mbinga.

Likizo yako ni mwezi gani?

Baba yako