Maswali na majibu: seva ya data za mvua inapolemewa na faili

Tuna faili za CHIRPS (makadirio ya mvua ya setilaiti na vituo), moja kwa kila siku, 1981 hadi 2020. Seva yetu ya THREDDS (programu ya kugawa data za hali ya hewa mtandaoni) inaziunganisha kwa joinExisting (mpangilio unaozifanya zionekane kama faili moja ndefu), lakini ombi la kwanza linapita dakika kumi. Tuongeze ramu? (Mbarara)

Msinunue ramu. Miaka hiyo 40 ni faili 14,610, na seva hufungua kila moja ili isome tarehe yake. Kila faili ikila milisekunde 50 tu, hizo ni dakika 12. Punguzeni faili: kateni eneo la Uganda na mshone siku za mwaka ziwe faili moja, kwa programu ya ncrcat:

`ncrcat -d latitude,-1.5,4.3 -d longitude,29.5,35.1 1981*.nc ug1981.nc`

Nukta ya desimali ni lazima. Mkiandika 35 badala ya 35.0, programu itadhani ni namba ya safu, si digrii. Ikilalamika kwamba haioni rekodi (muda unaoweza kurefushwa), pitisheni kwanza kila faili kwenye `ncks --mk_rec_dmn time`. Mtabaki na faili 40.

Tumeshashona kwa mwaka, ila grafu ya mvua ya shamba moja bado inasuasua. (Gulu)

Tazameni vipande (chunks) ambamo data hugawanywa na kubanwa ndani ya faili. Muda ukiachwa bila kikomo, kwa kawaida kila siku huwa kipande chake, hivyo shamba moja kwa mwaka linadai vipande 365 vifumuliwe. Pangeni upya:

`nccopy -u -d 1 -s -c time/365,latitude/16,longitude/16 ug1981.nc mpya.nc`

Mwaka mrefu wekeni 366. Kipande kitakuwa kama KB 374, na grafu itagusa kimoja tu kwa mwaka. Hasara yake ni kwamba ramani ya siku moja sasa itafumua mwaka mzima. Wenye kuhitaji vyote watunze nakala mbili. Uganda yote kwa miaka 40 haifiki GB 1 hata bila kubanwa.

Umeme ukikatika tukiwa tunapakua, asubuhi mkusanyo wote unagoma. (Entebbe)

Kuna faili iliyoishia njiani. Pakueni kwenye folda ambayo seva haiikagui, someni faili nzima kwa `cdo infon`, kisha ihamisheni kwa `mv` ndani ya diski ileile. Ongezeni pia olderThan="5 min" kwenye scan (mstari wa mipangilio ya seva unaotaja folda ya faili), ili faili iliyobadilika ndani ya dakika tano irukwe.

recheckEvery, yaani muda wa seva kukagua folda upya, tuweke ngapi? (Kampala)

Kwa miaka iliyopita, msiiweke kabisa. Ukaguzi hufanyika mtu anapoomba data, na ndiye anayesubiri. Folda ya mwaka huu, ikipokea faili mara moja kwa siku, saa 12 zinatosha.