Maswali ya Wasomaji: Klabu Tatu, Mto Mmoja

Swali: Klabu yetu ya uvuvi, ya makasia na ya uwindaji zimeungana kutunza mto tunaoutumia sote. Tulipima oksijeni ya maji, kila klabu ikaja na matokeo yake. Tukapanda miti ukingoni, mingi ikasombwa, iliyobaki ikakauka. Tumekosea wapi? – Katibu wa klabu

Jibu: Ulizeni kwanza kila klabu ilipima saa ngapi. Usiku mimea haitoi oksijeni, lakini viumbe wote wa majini wanaendelea kuitumia, hivyo hupungua mno alfajiri na kupanda tena alasiri. Kipimo muhimu ni cha alfajiri. Wapeni wapiga makasia kazi hiyo, maana wengi wao huwahi majini. Wapime kwenye vituo vilevile, kwa kifaa kimoja cha kupimia oksijeni (mita) kilichorekebishwa kabla ya kila zoezi. Ikisoma chini ya miligramu 5 kwa lita, samaki wengi huanza kutaabika.

Mita husema hali ya saa hiyo tu. Wadudu wa chini ya mawe husimulia ya miezi iliyopita. Hao tunawaamini zaidi, na wavuvi ndio wa kuwatafuta. Tegeni wavu wa matundu madogo upande maji yanakoelekea, mtimue changarawe kwa mguu kwa dakika 3, kisha mmwage kila kitu kwenye sinia jeupe lenye maji. Mkiona vijidudu bapa vyenye mikia mitatu na mashavu ya kupumulia yanayopepea ubavuni, furahini: oksijeni inatosha. Pakijaa minyoo myembamba myekundu peke yake, oksijeni imepungua.

Miti iliyosombwa, bila shaka ilipandwa karibu mno na maji. Penye maji pawe pa matete na nyasi za asili, vifuate vichaka, halafu miti, kwa nafasi ya mita 2 hadi 3. Ukanda wote usipungue mita 10. Pandeni mvua zikianza, na mpalilie mita 1 kuzunguka kila mche kwa miaka miwili. Magugu huua miche mingi kwa kuinyang'anya maji. Wawindaji wanajua njia za wanyama: waonyeshe pa kuzungushia wigo na pa kuacha mapengo ya kunyweshea.

Chubwi (vizito vya mshipi) na marisau (chembe za bunduki) ya madini ya risasi yaachwe kabisa. Ndege wa majini huyameza wakidhani ni changarawe ya kusagia chakula kwenye firigisi, yakawaua kwa sumu. Buti, nyavu na mitumbwi visuguliwe na kukaushwa kabisa kabla ya kupelekwa mto mwingine, maana magugu na magonjwa husafiri kwenye unyevu.