Hadharani na waziwazi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Texas, Marekani, na huwa nawatafsiria Wakongo waliohamia hapa. Kwenye milango ya maduka kuna mabango mawili ya kukataza bastola: moja la wanaoificha, jingine la wasioificha. Hili la pili nimekuwa nikisema "kubeba silaha hadharani". Mzee mmoja akaniuliza, "Kwani aliyeificha ndani ya koti hayuko hadharani?" Nikakosa jibu.

JIBU: Marahaba. Huyo mzee ana sikio zuri la lugha, mpe heshima yake. Hadharani ni mbele ya watu: sokoni, barabarani, kituo cha basi. Mtu aliyeifutika bastola kiunoni, shati likaifunika, akiingia sokoni ameibeba hadharani vilevile. Sheria ya Texas inauliza jambo jingine: je, inaonekana? Ndiyo maana mabango ni mawili. Lile la 30.06 (hizi ni namba za vifungu vya sheria ya Texas) linamkataza mwenye leseni aliyeificha, la 30.07 mwenye leseni anayeibeba waziwazi. Kwa hiyo sema kubeba waziwazi, au bila kuificha, na kinyume chake kubeba kwa kificho.

Usiseme "kuonyesha bastola". Kwetu, ukisikia fulani kamwonyesha mwenzake bastola, unajua kamtishia. Hilo ni kosa jingine kabisa, wala si sawa na bastola iliyotulia kwenye ala kiunoni.

Umefanya vyema kuandika bastola. Wengi husema bunduki kwa kila kitu chenye risasi, lakini hapa neno hilo linapotosha. Ruhusa ya kubeba waziwazi iliyoanza Texas tarehe 1 Januari 2016, kwa wenye leseni, ilihusu bastola. Bunduki ndefu tayari watu walikuwa wakitembea nazo. Tangu Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na zaidi asiyezuiwa na sheria hahitaji hata leseni, ili mradi bastola inayoonekana iwe ndani ya ala. Silaha nalo ni pana mno, hata panga limo.

Mlangoni, mfasirie mzee hivi: "Usiingie na bastola uliyoificha, hata kama una leseni." Na la pili: "Usiingie na bastola inayoonekana, hata kama una leseni."