Waziri mkuu anapigiwa kura na nani?

SWALI: Kijiweni kwetu Kirumba ubishi hauishi. Mmoja anasema Waingereza humpigia kura waziri mkuu kama sisi tunavyompigia rais. Mwingine anasema mfalme ndiye humchagua. Nani yuko sahihi? Na ikitokea hakuna chama kilichovuka nusu? – Msomaji, Ilemela, Mwanza

JIBU: Hakuna mshindi hapo kijiweni. Uingereza ina majimbo 650, na katika uchaguzi wa bunge mpiga kura hupewa karatasi ya mbunge wa jimbo lake tu. Ni kama mkazi wa Ilemela apewe karatasi ya mbunge wa Ilemela, ya rais isiwepo kabisa. Jina la kiongozi wa chama hulikuti kwenye karatasi yako, labda uwe unaishi jimbo analogombea yeye.

Kura zikishahesabiwa, kinachoangaliwa ni viti. Chama chenye viti 326 kimeshamaliza kazi: kiongozi wake huitwa na mfalme kuunda serikali. Mfalme hapo hana uchaguzi wake, anampokea aliyekwishapatikana. Ndiyo maana chama kikibadili kiongozi katikati ya muhula, waziri mkuu naye hubadilika. Mwaka 2022 pekee walipita Johnson, Truss na Sunak, bila uchaguzi mkuu.

Ikikosekana nusu, ndipo penye utamu. Mei 2010 Conservative walipata viti 306, Labour 258, Liberal Democrats 57. Chukua kalamu: 258 na 57 ni 315, bado hazifiki 326, lakini 306 na 57 ni 363. Ile ya pili ndiyo iliyounda serikali. Mazungumzo yalichukua siku tano, na muda wote huo Gordon Brown, waziri mkuu wa Labour aliyeshindwa, alibaki ofisini, kwa sababu nchi haiachwi bila serikali. Wengi walidhani anang'ang'ania kiti.

Ujerumani bunge lenyewe humpigia kura kansela, yaani waziri mkuu wao, tena kwa siri, na siri hiyo ina hatari zake. Mei 6, 2025 Friedrich Merz, aliyetaka ukansela, alihitaji kura 316; vyama vyake vilikuwa na wabunge 328, lakini asubuhi akapata 310. Waliomnyima hawakujulikana. Alasiri wakarudia, akapata 325.

SWALI: Na huku kwetu? Mbunge yeyote anaweza kuteuliwa? – Msomaji, Sengerema

JIBU: Hapana. Ibara ya 51 ya Katiba inataka mbunge wa kuchaguliwa jimboni, kwa hiyo wa viti maalumu na wa kuteuliwa na Rais hawamo. Atoke chama chenye wabunge wengi zaidi. Rais ana siku 14 tangu ashike madaraka kumteua, na mteule haanzi kazi mpaka Bunge limthibitishe kwa kura za wabunge walio wengi. Chama kimoja kikijaza ukumbi wa Dodoma, hatua hiyo huwa nyepesi mno.

Kumwondoa ndiko kugumu. Hoja ya kutokuwa na imani naye huhitaji saini za asilimia 20 ya wabunge wote, ifike kwa Spika siku 14 kabla, na haipokelewi kabla hajatimiza miezi sita tangu ateuliwe. Ikiungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote, ana siku mbili za kujiuzulu, na Rais anateua mbunge mwingine.